Mnara wa Jiwe Namba Kumi na Nne

Mtu akitoka gerezani kwa parole, yaani akiruhusiwa kumalizia kifungo chake uraiani kwa masharti, huambiwa atafute kazi ya halali. Revocatus aliitafuta wiki mbili nzima. Alipoiona, ilimchosha kabla hajaianza. Mwishowe dada yake Winnie, aliyempa chumba cha uani huko Buswelu bila kumuuliza maswali, alimnunulia mzani wa kupimia watu uzito.

"Kaka, kazi hii haina uongo," alimwambia. "Mtu anapanda, namba inatoka, unapokea sarafu."

Winnie ana moyo mwema, na wenye moyo mwema hawajui uongo unaweza kupenya tundu dogo kiasi gani. Siku ya tatu pale sokoni Mkuyuni, Revocatus alikuwa amekwisha kukipaka kioo cha mzani mafuta ya taa ili namba aisome yeye peke yake. Alimpunguzia mama mnene kilo kumi, akapewa sarafu na soda juu yake. Alimwongezea kijana mwembamba aliyekuwa njiani kwenda kuposa kilo sita na maneno ya baraka. Hakuna mteja aliyeondoka na huzuni. Ukimuuliza Revocatus, atakuambia zahanati nyingi haziwezi kujisifia hivyo.

Alikuwa amebakiza miezi mitano. Kila Alhamisi aliripoti kwa afisa parole, hakuruhusiwa kutoka mkoani, na hakutakiwa kupatikana na kosa lolote, jipya au la zamani. Hilo la zamani ndilo lililomkosesha raha. Yeye alifungwa kwa sababu ya ng'ombe wa Usagara tu: aliwauza ng'ombe kumi na wawili wakiwa malishoni huku mwenye ng'ombe amelala kivulini. Lakini makosa ya Revocatus yalikuwa kama shamba la mihogo. Juu unaona majani. Mzigo wenyewe uko chini.

Jumanne asubuhi, mtu mmoja akaja na jembe.

Alikuwa mama wa miaka sitini na kitu, mdogo wa mwili, ana ndoo ya dagaa kichwani. Aliitua, akavua ndala zake kwa adabu kama anaingia nyumbani kwa watu, akapanda mzani.

"Shikamoo mama. Karibu sana, afya ndiyo mtaji."

"Marahaba, mwanangu."

Revocatus akainama, akasoma arobaini na saba. Akamtazama, akaona ni wa kuongezewa. "Hamsini na tano, mama! Bado binti."

"Jana zahanati walisema arobaini na saba." Alishuka, akafungua fundo la khanga, akampa sarafu yake. "Shika. Na asante. Sauti yako niliijua tangu juzi, lakini nikasema, Modesta, usije ukamsingizia mtoto wa watu. Sasa nimeridhika. Habari za siku nyingi, Injinia Alexander?"

Revocatus hakushtuka. Mtu wa kazi ile akishtuka amekwisha. Alitabasamu tu, masikio yake yakawa ya moto.

Ni kweli kwamba miaka saba iliyopita, kwa muda wa siku tisa, aliwahi kuwa Injinia Alexander. Kule kwenye kilima cha juu ya Mkuyuni, ambako nyumba zimejibana katikati ya mawe makubwa na gari haliwezi kufika, alipanda akiwa na kofia ya njano ya ujenzi na ile miguu mitatu ya kusimamishia kamera. Kamera yenyewe haikuwepo. Alikuja na habari njema: kampuni ya simu inatafuta jiwe la kusimamishia mnara. Mwenye jiwe atalipwa kodi kila mwezi mpaka afe, na akishakufa watoto wataendelea. Ila jiwe lazima lisajiliwe, na kusajili kuna ada.

Watu arobaini na mmoja walisajili mawe. Wengine walisajili mawe yao. Wengine walisajili ya jirani aliyesafiri. Kila mmoja alipewa hati yenye muhuri, na muhuri wenyewe Revocatus aliuchonga kwa kisu kwenye kisigino cha kandambili. Hati ilikuwa na masharti manne, maana watu hawaiheshimu karatasi isiyowakataza kitu. Sharti la nne aliliandika bila kufikiri, akitafuna hindi la kuchoma: *Ni marufuku kuanika kitu chochote juu ya jiwe lililosajiliwa, lisije likapoteza mawimbi.*

Siku ya kumi hakuonekana tena.

"Mama," alisema sasa, "utakuwa umenifananisha."

Modesta akatoa kwenye khanga mfuko wa nailoni, ndani ya mfuko kitambaa, ndani ya kitambaa hati. Jiwe Namba Kumi na Nne. Ilikuwa imetunzwa vizuri kuliko cheti cha ndoa.

"Ile ada siitaki," alisema kwa upole. "Ilishaliwa, nayo haitapikwi. Mimi nataka jiwe langu. Dagaa akianikwa juu ya jiwe anakauka safi, anang'aa, mtu ananunua akampikie mgonjwa wake. Akianikwa mchangani kule chini anakuwa na mchanga, ananunuliwa akalishwe kuku. Miaka saba, mwanangu, nalisha kuku wa watu."

"Si uanike! Jiwe si liko mlangoni kwako?"

"Kamati hairuhusu."

"Kamati gani?"

"Kamati ya Mnara. Mwenyekiti ni Mzee Ndalahwa. Kila asubuhi anazunguka mawe yote arobaini na moja. Mwaka jana nilianika ungo mmoja tu, wakanitoza jogoo."

Revocatus alikaa juu ya mzani wake mwenyewe. "Mama, unataka kuniambia mpaka leo wanaungoja?"

"Wamekwisha kugawana hata nani atauza vocha chini yake." Alikunja hati pole pole. "Panda kilimani, uwaambie kwa mdomo wako kwamba ulikuwa uongo. Hapa sokoni wameniambia habari zako zote, mpaka dada unayekaa kwake na afisa unayeripoti kwake Alhamisi. Ukisema tu, mimi nitaanika, na kwa afisa wako sitafika. Usiposema, Alhamisi nitakuwepo pale. Nimekuja kwako kwanza kwa sababu si vizuri mtu kushtakiwa kwa kuviziwa."

Kisha akachota dagaa viganja viwili, akavifunga kwenye gazeti. "Kale na dada yako. Waoshe mara tatu, wana mchanga."

Mtu mwingine angeona aibu. Revocatus naye kitu kilimpanda kifuani, akadhani ni aibu, kumbe ni wazo. Akiungama mbele ya watu arobaini na mmoja, atapata washtaki arobaini na mmoja. Asipoungama, anaye mshtaki mmoja tu, tena mpole. Na hao arobaini waliobaki, ambao miaka saba haijawatoa imani, ni nini kama si mashahidi wa utetezi? Wakili wa bei kubwa asingemletea hata nusu yao.

Jumatano alipanda kilima, kofia ya njano kichwani.

Mzee Ndalahwa aliwahi kufanya biashara ya ngozi, na alikuwa na jiwe kubwa kuliko yote. Jiwe Namba Moja lilikuwa limezungushiwa seng'enge na kupakwa chokaa. Alimkuta akilifagia.

"Shikamoo, mwenyekiti."

Mzee alimtazama kuanzia viatu mpaka kofia, akaegemeza fagio. "Marahaba. Umechelewa."

"Mnara si chapati, mzee."

"Miaka saba, Injinia! Nimezika mke, nimeoza mabinti wawili, nafagia jiwe. Ulikuwa wapi?"

"Serikalini," alijibu Revocatus, na hapo hakuongopa. "Miaka mitatu nimelazwa na kulishwa na serikali. Hata Jumapili sikuruhusiwa kutoka."

Mzee akatikisa kichwa kwa heshima. "Kazi za serikali zina ubize."

"Sasa faili liko tayari. Mnara unakuja. Shida ni moja: kesho kuna mtu wa hapa hapa kilimani, mwenye Jiwe Namba Kumi na Nne, anakwenda ofisini kwa afisa wangu kusema mradi ni utapeli. Neno hilo likisikika, mnara unahamia kilima kingine."

"Kilima gani?" Fagio lilianguka.

"Mzee, usinitie majaribuni. Niseme tu kwamba wenzenu wa ng'ambo wanafagia mara mbili kwa siku."

Ndalahwa akavuta pumzi kwa nguvu. Revocatus akamsogelea, akashusha sauti. "Mnara ni mmoja, mawe arobaini na moja. Kampuni itaangalia nani alisimama na mradi siku ya matatizo. Shahidi mwenye kumbukumbu nzuri kuliko wenzake..." Akalipapasa Jiwe Namba Moja kama mtu anayepapasa nundu ya ng'ombe wa kununua.

"Injinia," alisema Ndalahwa, "kesho nitakumbuka mpaka yasiyotokea."

Maneno hayo Revocatus aliyapokea kama zawadi. Angeyapima vizuri, kwa mzani wowote, yangemtisha. Lakini alikuwa na haraka. Alipita kwa Yakobo, fundi cherehani, akamwambia hayo hayo kwa siri, na kwa wengine kumi na saba, kila mmoja peke yake, kila mmoja kwa siri. Alishuka jioni na jogoo aliyepewa njiani kama heshima.

Jioni hiyo hiyo Mzee Ndalahwa alisimama mlangoni kwa Modesta, hakukubali kuketi.

"Mama Modesta, sisi tuna chama chetu cha kufa na kuzikana. Ukifiwa tunakuja, ukiugua tunakubeba mpaka chini barabarani. Sasa ukiua mnara kesho, jiulize mwili wako utashushwa na nani kwenye mawe haya."

Modesta alikuwa anachambua mchanga kwenye dagaa. Hakuinua uso. "Aliyenipandisha atanishusha, baba. Chukua kiti basi, umechoka na ngazi."

Mzee aliondoka. Modesta aliendelea kuchambua, lakini ule ungo mmoja aliuchambua mara mbili, maana hakuwa anaona vizuri alichokuwa anafanya.

Alhamisi, ofisi ya afisa parole ilikuwa ndogo na ilikuwa na viti vitatu. Afisa mwenyewe, Hadiya, alikuwa mama wa makamo, mwenye ushungi wa kijani na tabia ya kumwacha mtu amalize sentensi. Wahalifu wengi walimwogopa kwa tabia hiyo. Alimketisha Modesta kwenye kiti chake mwenyewe, kile chenye mto, akasikiliza habari ya jiwe kuanzia mwanzo mpaka kuku wa watu.

"Mama, mashahidi?"

"Nina hati hii tu. Na mchanga."

Mlango ukagongwa. Waliingia watu kumi na tisa wenye suti za kanisani, na kanzu mbili, na mama mmoja aliyebeba picha ya jiwe lake kwenye fremu. Walijaza chumba, wakajaza korido, wengine wakasimama dirishani.

"Sisi ni upande wa Injinia," alisema Ndalahwa.

"Injinia gani?" aliuliza Hadiya. "Hapa ninaye Revocatus, mpima uzito."

"Alexander ni jina langu la kipaimara, afande," alisema Revocatus kwa unyenyekevu. "Nalitumia kwenye kazi nzito."

Yakobo fundi alianza. "Afande, huyu bwana alipima jiwe langu siku mbili. Siku mbili! Alisimamisha miguu yake mitatu, akachungulia."

"Akachungulia kwenye nini?"

"Kwenye chombo."

"Mama Modesta anasema hapakuwa na chombo."

"Kilikuwa cha kisasa," alisema Yakobo. "Hakionekani."

Kumi na wanane wakaafiki kwa sauti. Revocatus aliinamisha kichwa kama mtu anayesifiwa msibani kwake. Ndipo Mzee Ndalahwa, aliyeona Yakobo amechukua sifa nyingi, akapasua njia mpaka mezani.

"Siku mbili ni kitu gani? Kwangu mimi anakuja kila mwaka! Desemba ya mwaka juzi alilala kwangu siku tatu. Alikula wali na mbuzi, akapima jiwe kwa taa."

Hadiya alifungua faili taratibu. "Desemba ya mwaka juzi huyu alikuwa gerezani."

 Jasho lilimshuka Revocatus mgongoni mpaka kwenye mkanda. Kuuza mawe hewa ni kosa, lakini kutoroka gerezani, ukale mbuzi, urudi bila kuaga, ni kosa la namna nyingine kabisa.

"Basi ilikuwa Novemba," alisema Ndalahwa.

"Novemba pia."

"Mwaka una miezi mingi, afande."

"Mzee ananipenda," Revocatus alidakia. "Mapenzi yamemvuruga tarehe. Afande, naomba hilo la mbuzi lisiandikwe."

Hadiya aliweka kalamu chini. "Revocatus, nakuuliza swali moja. Mnara upo au haupo? Ukisema haupo, basi mama huyu amesema kweli, na leo hii napeleka malalamiko polisi. Ukisema upo, naandika upo, na watu wako hawa wote wanakuwa mashahidi."

Hapo, kwa kitambo kidogo, Revocatus alimtazama Modesta. Yule mama hakuwa amekasirika. Alimtazama kama mtu anavyomtazama mtoto aliyefika ukingoni mwa maji, akisubiri aone kama atarudi mwenyewe.

"Upo, afande," alisema. "Uko njiani."

"Utasimama kilimani pale?"

"Utasimama."

"Andika jina na usaini hapa."

Alisaini. Watu walipiga makofi, mama wa fremu akapiga kigelegele, na mmoja kule dirishani akapaza sauti: "Modesta, nenda kaanike uongo wako!" Walicheka sana. Hadiya hakucheka. Alimimina chai kutoka chupa yake mwenyewe, akatia sukari vijiko viwili, akampa Modesta kwa mikono miwili. Kisha akagonga meza.

"Malalamiko yamefungwa. Hakuna utapeli, kwa sababu mradi upo. Sasa tuje kwenye masharti." Aligeuza ukurasa. "Mtu wa parole anatakiwa akae karibu na kazi yake, chini ya uangalizi wa wanaomfahamu. Mimi sikujua kwamba una kazi kubwa hivi. Kuanzia leo utahamia kilimani. Hutashuka bila barua ya mwenyekiti mpaka miezi yako mitano iishe. Mzee Ndalahwa, kamati inampokea?"

"Kwa mikono miwili," alisema Ndalahwa, akamshika Revocatus kwa mikono miwili kweli.

"Na akitaka kutoroka?"

"Atatokea wapi, afande? Vilima vingine vinamnyemelea. Tutamlinda kama mboni ya jicho."



Walimlinda. Alipewa chumba nyuma ya nyumba ya Ndalahwa, chenye dirisha moja linalotazama Jiwe Namba Moja. Vijana wawili walilala mlangoni. Akienda chooni, mmoja alitangulia na mwingine alifuata. Alfajiri aliamshwa akapime mawe, na baada ya kupima alitakiwa kusema hali ya mawimbi. Wenye mawe yenye mawimbi mabaya walilia, wenye mawimbi mazuri waliogopa kurogwa, na wote walimfuata jioni kumuuliza tarehe. Revocatus alianza kukumbuka gereza kwa mapenzi. Kule hakuna mtu aliyewahi kumtegemea.

Wiki ya tatu hakuweza tena. Alipanda juu ya Jiwe Namba Moja, akavua kofia ya njano, akapaza sauti mpaka ikarudi kutoka kwenye mawe ya upande wa pili.

"Ndugu zangu! Nilidanganya! Hakuna mnara! Hapakuwa na kampuni, wala faili! Mimi siyo injinia, nilifeli hesabu la saba! Muhuri ule ni kandambili!"

Watu walitoka milangoni na masufuria mikononi. Walimsikiliza mpaka mwisho. Kisha wakatazamana.

"Wenzetu wa ng'ambo wamemhonga," alisema Yakobo.

"Au kampuni imemtuma apime imani yetu," alisema mama wa fremu. "Akiona tumekata tamaa, mnara unaondoka."

Mzee Ndalahwa alimpandia juu ya jiwe, akamvika kofia yake tena, akamfunga kamba ya kidevuni. "Hatujakata tamaa, Injinia. Waambie waliokutuma." Usiku ule walinzi wakawa wanne.

Asubuhi Revocatus alishuka mpaka mlangoni kwa Modesta, walinzi wake nyuma. Alikuwa amekonda, na hapakuwa na mzani wa kumdanganya. Modesta alimpa kigoda, akampa chai na viazi vitamu viwili vikubwa, akawapa na walinzi. 

"Mama, nimesema," alinong'ona. "Nimesema kwa mdomo wangu, kama ulivyotaka. Hawasikii."

"Nimesikia mimi. Sauti ilikuwa nzuri. Ungeitoa wiki tatu zilizopita pale ofisini, saa hizi ningekuwa nimeanika."

"Sasa tufanyeje?"

Modesta alifikiri, akipukuta mchanga mapajani. "Mtu aliyelishwa uji miaka saba humrushii mfupa, mwanangu. Unampa uji mwingine. Kalamu unayo?"

"Ninayo."

"Andika. Sharti la tano. Kwamba kampuni imefanya utafiti, ikaona mafuta ya dagaa yanaita mawimbi. Jiwe lisiloanikwa dagaa kila siku ya jua, mnara hautasimama juu yake." Alichungulia kama ameandika. "Na kwamba dagaa hao wageuzwe na Injinia mwenyewe, kwa mkono wake, wasije wakaharibiwa na wasiosoma."

Revocatus alishika kalamu hewani. Alikuwa ameishi na matapeli wakubwa wa kanda yote ya ziwa, wengine alilala nao chumba kimoja, na hakuna aliyewahi kumtia heshima ya namna ile mwilini.

"Mama, hii umejifunza wapi?"

"Kwenye hati yako. Miaka saba naisoma. Sina kitabu kingine."

Aliandika, akasaini *Inj. Alexander*, akaweka tarehe. Walinzi waliisoma kabla wino haujakauka, na kabla ya saa nne kilima kizima kilikuwa kinajua. Seng'enge la Jiwe Namba Moja liling'olewa na mwenyewe kwa mikono. Lakini dagaa watatoka wapi? Hapo ndipo wote walikumbuka kwamba kilimani pale mtu mmoja tu anajuana na wavuvi wa mwaloni, kule ufukweni wanakoshushia samaki, anajua kuchagua na anajua kuanika. Mchana huo mlango wa Modesta ulikuwa na foleni.

"Mama Modesta, uanike kwangu kwanza."

"Mayu, jiwe langu ni pana, usinisahau."

"Mama yetu," alisema Mzee Ndalahwa, kofia mkononi, "ule mzaha wa maziko, ulikuwa mzaha tu."

"Nilijua, baba," alisema Modesta. "Ndoo zako mbili zibebe wewe mwenyewe, mimi mgongo unaniuma."

Hivyo ndivyo mama aliyekuwa ananyimwa jiwe moja alivyopata mawe arobaini na moja, pamoja na wachukuzi wa bure. Dagaa walikauka safi, waking'aa. Wanunuzi wa magunia waliokuwa wanapita chini barabarani walianza kupanda ngazi wenyewe. Na kila siku ya jua Revocatus alitembea kutoka jiwe hadi jiwe, ameinama, akigeuza dagaa mmoja mmoja, akiwafukuza korongo, huku walinzi wanne wakihesabu kama amegeuza wote.

Siku moja alimwomba Modesta ile karatasi ya sharti la tano.

"Hii?" Modesta alikuwa ameifunga ndani ya kitambaa, ndani ya nailoni. "Hii ina mwandiko wako, na tarehe ya mwaka huu, na wewe uko parole. Ngoja niitunze, isije ikakuletea matatizo."

Hakuiomba tena.

Miezi mitano ilikwisha siku ya Ijumaa. Hadiya alipanda kilima mwenyewe, akapumzika mara tatu njiani, na alipofika juu alikuta kilima kinameta. Modesta alimkimbilia na kiti na maji. Wanawake hao wawili walitazamana kidogo, na wote wawili walitazama pembeni haraka ili wasicheke.

"Revocatus," alisema Hadiya, faili magotini. "Kazi uliyofanya kipindi hiki?"

"Kugeuza dagaa, afande."

Hadiya aliandika. Katika faili lile nene, hilo lilikuwa jibu la kwanza ambalo halikuhitaji kuthibitishwa. Aligonga muhuri, muhuri wa kweli, akampa karatasi. "Umemaliza kifungo. Uko huru."

Revocatus alikuwa na mfuko wake tayari. Aliushika, akageukia ngazi. Kwenye ngazi walikuwepo Mzee Ndalahwa, Yakobo, mama wa fremu, na wengine wote, bega kwa bega, wametulia kabisa.

"Injinia," alisema Ndalahwa kwa upendo, "unakwenda wapi na mnara haujasimama?"

"Afande!" Revocatus alimgeukia Hadiya.

"Serikali imemalizana na wewe," alisema Hadiya, akinywa maji yake. "Huo mradi ulisema ni wako."

Akamgeukia Modesta, macho yamemtoka. "Mama, waambie basi! Wewe wanakusikiliza sasa. Waambie hakuna mnara!"

"Niliwaambia, mwanangu," alisema Modesta. "Siku ile ofisini. Ukasaini kwamba mimi mwongo."

Aliinuka, akaenda ndani, akarudi na kofia pana ya ukindu aliyoisuka mwenyewe wiki hiyo, maana ile ya njano ilikuwa inamchoma kichwa na Modesta hakuwa mtu wa kutesa mtu. Akamvua ile, akamvika hii, akairekebisha mbele ili imfunike macho.

"Jua linapanda," alimwambia. "Anza na upande wa Mzee Ndalahwa."